Tulivyochora Mji wa Kashi Ukutani Voi

Vijana wangu wa rangi,

Kwanza mnisamehe mwandiko. Mkono huu umeshika brashi miaka mingi kuliko ulivyoshika kalamu, na herufi zangu zimezoea kuwa na urefu wa futi moja. Nikizibana kwenye mistari ya daftari zinatoka zimepinda shingo. Na mkiona neno limekosa herufi, lijazeni wenyewe, msinicheke. Niliishia darasa la saba kule Ronge, na darasani nilikuwa wa mwisho kunakili ubao. Mwalimu alikuwa akifuta nami bado niko katikati.

Mwalimu wenu wa chuo alinikuta sokoni Voi nikichagua nyanya, akaniambia, "Mama Wakesho, vijana wangu wanadhani bango huzaliwa na mashine. Njoo uwaambie." Nikamwambia kusimama mbele ya watu siwezi. Hata siku ya harusi yangu nilijificha nyuma ya shangazi mpaka mchungaji akauliza bibi harusi ni yupi. Mwalimu akasema, "Basi waandikie." Nimechukua wiki tatu. Msitarajie nianze mwanzo niende mwisho, nitaandika linalonijia.

Kazi niliipata kwa sababu ya mkono huo wa polepole. Fundi Mutiso, Mkamba mrefu aliyevaa kofia aliyoikunja mwenyewe kwa gazeti, kila siku gazeti jipya, alikuwa akipaka ukuta wa kinu cha unga Mwatate. Nilitumwa kusaga mahindi, nikasimama kumtazama tangu asubuhi mpaka debe langu likawa la mwisho kwenye foleni.

"Wewe msichana," akasema bila kugeuka, "umetumwa kunihesabia brashi?"

Akanipa chaki, akaniambia niandike UNGA kwenye mlango. Nilichukua muda mrefu, naye akawa ananitazama.

"Wengine nikiwapa chaki wanaandika kama wanafukuzwa na mbwa," akasema. "Wewe unaandika kama unayelipwa kwa siku. Njoo Jumatatu."

Ndivyo nilivyoanza. Mambo aliyonifundisha wiki ya kwanza ndiyo nimefanya maisha yangu yote. Piga mistari kwa uzi uliopakwa chaki: mmoja ashike huku, mwingine kule, uvutwe kidogo na kuachwa upige ukuta. Egemeza mkono kwenye fimbo yenye kitambaa kichwani, ili kiganja kisiguse rangi mbichi. Kila baada ya herufi tatu rudi nyuma hatua kumi ukatazame, na kabla ya kurudi nyuma angalia kuna nini nyuma yako. Hilo la mwisho nililijua baada ya kuketi ndani ya karai la chokaa mbele ya wanaume wa stendi nzima.

Makosa? Nimefanya mengi. Kule Miasenyi, kwenye barabara kuu, nilichora kikombe cha chai kwenye hoteli ya mama mmoja, nikakitilia mvuke mwingi kwa mapenzi. Mwenye hoteli akatoka nje, akafunga mikono kifuani. "Sasa hii ni chai," akauliza, "ama nyumba inaungua? Madereva watasimama wakiwa wamebeba maji!" Nikapunguza mvuke. Mtu aliye ndani ya lori huona bango kwa muda wa kupepesa jicho mara mbili, kwa hiyo mpe kitu kimoja tu cha kuona.

Na kule ranchi za Ndara tuliandika bango la CHUNGA WANYAMA, tukaliacha likauke, tukaenda chini ya kivuli kula viazi. Tuliporudi, ndovu alikuwa amejikuna pale. Bango lilibaki na CHUNGA peke yake, na ndovu akaenda zake na neno zima ubavuni. Fundi Mutiso akamtazama akiishia vichakani. "Angalau huyo amejitambulisha," akasema.

Lakini mwalimu wenu alitaka niwaambie kazi iliyonifundisha kuliko zote, na hiyo haikuwa bango. Ilikuwa mji. Mji wa zamani sana wa kaskazini mwa India, unaoitwa Kashi. Tuliuchora kwenye ukuta wa chumba cha kulala, hapa hapa Voi, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa ameuona.

Nyuma ya duka moja la vitambaa, si mbali na stesheni ya zamani, kulikuwa na nyumba ya mawe. Humo aliishi mzee ambaye mji wote ulimwita Babuji, yaani baba. Aliletwa Voi na baba yake, karani wa reli, akiwa na miaka tisa. Wakati ninaousema alikuwa amepita themanini, na alitunzwa na binti yake, Mama Sarla, ndiye aliyeendesha duka. Mama Sarla alizaliwa Voi na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Babuji alikuwa mgonjwa wa moyo. Daktari alisema safari ndefu itamuua njiani. Na Babuji alitaka kitu kimoja tu duniani: arudi Kashi afie huko. Watu wa imani yake huamini kwamba anayefia katika mji ule hazaliwi tena, amepumzika moja kwa moja. Alikuwa amekwisha kupanga na mpwa wake wa Mombasa. Baada ya wiki nne mpwa angekuja na gari ampeleke kwenye ndege.

"Nilimwomba, nikalia, nikamnunia," Mama Sarla alituambia siku alipotuita. "Jana akanicheka. Akaniambia, 'Niletee Kashi hapa, nitakaa.' Alisema kwa mzaha, lakini mimi nimemshika kwa neno lake. Fundi, unaweza kuchora mji?"

Fundi Mutiso alikuwa hajawahi kumwambia mteja hapana. "Mji?" akasema. "Mji ni nyumba nyingi tu."

Tukaingia kwa Babuji. Alikuwa mdogo kitandani, lakini macho yake yalikuwa makali kama ya mkaguzi wa tiketi. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Chora. Mimi nitahamia chumba cha mbele, na mchana nitakaa barazani. Sitatazama mpaka mmalize. Mkiuliza nitajibu, isipokuwa jambo moja."

"Jambo gani, Babuji?"

"Ng'ambo ya mto kuna nini. Kalenda zote zinaonyesha ngazi na mahekalu ya upande wa mji. Hakuna anayegeuka kutazama ng'ambo. Mimi nilioga pale na bibi yangu kila asubuhi, na kila asubuhi nilitazama ng'ambo. Mkiweka kilichopo, nitajua Kashi imekuja, nitakaa. Mkikosea, mmenakili kalenda, na mimi nitasafiri."

Mama Sarla akatoka nje upesi. Tulipomfuata tulimkuta ameshika nguzo ya baraza. "Na mimi sijui," akasema. "Hajawahi kuniambia. Nimezaliwa hapa, mimi najua ng'ambo ya mto Voi tu."

Hivyo ndivyo kazi ilivyokuwa. Tukikosea upande mmoja wa ukuta, yule mama angempoteza baba yake barabarani.

Tukaanza. Ukuta wa zamani haupakwi siku hiyo hiyo, nisikieni vizuri. Tuliukwangua, tukaziba nyufa, tukaupiga msasa, tukaupaka rangi ya kwanza, tukangoja siku mbili. Mama Sarla akitusumbua, "Mnangoja nini? Siku zinakwisha!" Fundi akamjibu, "Mama, rangi haina haraka ya mtu." Kisha tukachukua kalenda tatu na picha moja ya zamani kutoka dukani, tukazigawa kwa miraba midogo, na ukuta tukaugawa kwa miraba mikubwa. Kilichomo kwenye mraba mdogo unakihamisha kwenye mkubwa, mmoja mmoja. Hata mtu asiyejua kuchora anaweza, mradi asiruke mraba. Mji tukauweka kushoto, mto katikati ukienda mbali, na kulia ng'ambo, ambako miraba ilibaki mitupu.

Saa nne Babuji alikuwa akinywa chai barazani, nasi tukinywa ndani, dirisha likiwa wazi kati yetu. Hapo ndipo alipotupa historia. Mji ule, alisema, una majina mengi kama mtoto mwenye shangazi wengi. Kashi ni la zamani. Banaras ni la watu wa sokoni. Varanasi linatokana na vijito viwili, Varuna na Asi, vinavyoushika mji juu na chini. Na mto wenyewe, Ganga, unatoka milimani ukielekea mashariki, lakini ukifika pale unageuka kurudi kaskazini, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

Alitusimulia habari za mwana wa mfalme wa zamani kabisa, aliyeacha jumba la baba yake akawa mtu wa kutafakari, na mahubiri yake ya kwanza akayatoa nje kidogo ya mji ule, katika bustani ya paa, wale wanyama wa porini.

"Waliokuja kumsikiliza walikuwa wangapi?" akauliza Fundi Mutiso, ambaye alikuwa mzee wa kanisa.

"Watano."

"Basi si haba. Kanisa letu la Ndara tulianza wanne, na mmoja alikuwa amelala."

Babuji alicheka mpaka kikombe kikalia kwenye kisahani. Siku nyingine alitusimulia habari za wafumaji wa hariri wa mji ule, wanaoingiza uzi wa dhahabu. Mama Sarla akatoa sari ya harusi ya marehemu mama yake, akaifungua kitandani. Tulikatazwa kuigusa kwa mikono ile, kwa hiyo tulisimama mlangoni tukichanganya rangi kwa mbali, mimi nikifumba jicho moja. Nilirudia mara sita kuipata ile nyekundu.

Nikamuuliza habari za mahekalu. Alisema yamebomolewa na watawala na kujengwa tena, mara nyingi, watu wanarudi wanaanza upya.

"Sasa sisi tuchore la lini?" nikauliza.

"La karibuni," akasema. "Hata hilo litazeeka, usijali."

Tukachora pia wafalme wa mji wakipita juu ya ngazi wamepanda ndovu sita waliovishwa mapambo. Fundi akachora miili, mimi nikaijaza rangi kwa rangi nyekundu ya kupaka sakafu iliyobaki kwenye kopo. Ndovu walipendeza sana. Mama Sarla alipita na sinia akasema, "Hao ndovu ni kama wanatembea!" Nasi tukafurahi.

Zikabaki siku tatu, na ng'ambo bado tupu.

Tulikuwa tumeuliza kila mtu. Muuza dawa alisema labda kuna hospitali. Dereva mmoja wa lori akaapa kwamba kila mto mkubwa una kiwanda upande wa pili. Fundi Mutiso hakupenda kubahatisha zaidi. Asubuhi ile nilimkuta tayari amechora kwa chaki majumba marefu, minara na soko, upande wote wa kulia.

"Mji wa maana una pande mbili," akasema. "Tukijaza, hata tukikosea kidogo, ataona jitihada. Nafasi tupu ni uvivu, Wakesho. Nilikufundisha."

Ni kweli alinifundisha. Kwenye bango, nafasi tupu ni kitu ambacho mteja hakuuza. Nikachukua brashi nikaanza kuchovya.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikera tangu jana yake. Nilikuwa nimemuuliza Babuji kwa nini ngazi ni nyingi vile, nyingine juu ya nyingine, mafungu themanini na zaidi kando ya mto. Nilidhani atasema ni fahari ya wafalme. Akasema, "Ni kwa sababu mto unapanda. Kiangazi unashuka chini kabisa, unaona ngazi zote. Mvua ikija unazimeza zote, unagonga milango ya mahekalu." Jioni nilipokuwa nikirudi nilikolala, kwa shangazi, nilivuka mto Voi. Mnaujua. Wakati ule ulikuwa mchanga mtupu, unavuka kwa miguu mikavu. Upande wa juu nyumba zimejipanga. Upande wa chini shangazi alikuwa na kiwanja cha sukuma wiki, na kila mwaka wa mvua kubwa mto ulikipeleka baharini, yeye akirudi kupanda akiulaani. Hakuna mtu aliyewahi kujenga pale. Nani ajenge?

Nilisimama na brashi inadondosha rangi kwenye kiatu. Nikasema, "Fundi, hakuna kitu."

"Hakuna kitu wapi?"

"Ng'ambo. Ni mchanga."

Vijana, nilikuwa nimefanya kazi na mtu yule miaka minne, na sikuwahi kumpinga hata kwenye mambo ya chumvi. Sauti yangu ilitoka kama ya kuku. Nikamweleza: kama upande wa mji uko juu, na bado maji yanafika milangoni, basi upande wa pili ulio chini unazama wote. Mwaka baada ya mwaka. Watakuwa wamejenga nini, nao si wajinga?

"Na kama uko juu vilevile?"

"Ungekuwa juu, nao ungekuwa na ngazi. Na kungekuwa na watu. Na kalenda zingeuchora."

Fundi akavua kofia ya gazeti, akajipepea nayo. Alitazama majumba yake. Yalikuwa mazuri, sitasema uongo.

"Wewe unataka tumpe mgonjwa mchanga," akasema. "Nusu ya ukuta, mchanga. Nikimwambia mtu nimelipwa kuchora mchanga atanipeleka kwa maombi."

"Ndiyo, Fundi."

"Ikiharibika, ni wewe utakayemwambia Mama Sarla. Si mimi. Wewe, kwa mdomo wako."

"Ndiyo, Fundi."

Akachukua kitambaa chenye maji akakitupa mikononi mwangu. Nikaanza kufuta majumba. Alitoka nje, hakurudi mpaka saa ya chakula. Aliporudi alichukua brashi pana akanisaidia kutandaza rangi ya mchanga, na juu yake anga.

Siku ya tatu tukamleta Babuji kwa kiti, mimi nimeshika mguu wa nyuma. Mama Sarla alisimama kwenye kona ameshika ncha ya sari mdomoni. Asubuhi alikuwa ameuona ule mchanga. Aliutazama tu, akanitazama mimi, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeoshwa.

Babuji alianza kushoto. Alisoma ukuta ule kama mtu anayesoma barua, ngazi kwa ngazi, mdomo ukicheza. Akafika kwa wafalme, macho yakasimama.

"Sarla," akasema, "hawa ndovu ni wa rangi gani?"

"Rangi ya ndovu, Baba."

"Ndovu ni wa kijivu!"

Sisi watatu tukatazamana. Nawaambia kweli, nilikuwa sijawahi kuona ndovu wa kijivu maishani mwangu. Wetu wote hujimwagia udongo wa hapa, na udongo wa hapa ni mwekundu. Fundi vilevile. Mama Sarla, aliyesoma mpaka sekondari, vilevile.

"Wafalme wa Kashi," akasema Babuji, "wamepanda ndovu wa Voi! Wamepitia barabara ya Mtito, ama wamekuja kwa reli?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, Mama Sarla akamkimbilia na maji, na mimi nikaona uso wa yule mama umekuwa kama majivu. Nilijua anafikiria gari la Mombasa.

Kikohozi kikaisha. Babuji akapangusa macho, akageuza kichwa kulia.

Akashika mikono ya kiti, akainama mbele. Saa ya chumba cha mbele tuliisikia. Fundi Mutiso alikuwa ametazama sakafu. Mimi nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia Mama Sarla.

"Nani amewaambia?" akauliza.

Fundi akanisukuma kwa kiwiko.

"Hakuna mtu, Babuji," nikasema. "Nilifikiria maji."

Aliendelea kutazama. Kisha akasema polepole, wala hakuwa akisema nasi, kwamba bibi yake alikuwa akisimama majini pale mpaka kiunoni, ameelekea ng'ambo, na jua likichomoza kutoka kwenye ule mchanga hakuna kitu chochote cha kulizuia. Hakuna nyumba. Hakuna mti. Yeye alikuwa akimuuliza bibi kwa nini hakuna mtu anayekaa kule, na bibi akimwambia aoge, anachelewa.

Mama Sarla alikuwa bado ameshika gilasi. "Baba," akasema. "Mpwa wako nimwambieje?"

Babuji alituangalia mimi na Fundi, watu wawili wenye rangi mpaka nyusi.

"Leteni kitanda," akasema. "Kiwekeni pale, kielekee kule."

Tulikibeba wanne, pamoja na Mama Sarla na mpishi wao. Tukamlaza. Yule mpwa alikuja na gari siku yake, akala chakula cha mchana, akarudi Mombasa peke yake. Babuji aliishi na ukuta ule mpaka mvua za vuli zilizofuata, akafa asubuhi, kitandani pale pale, binti yake amemshika mkono.

Sasa mimi nina ombi. Ule mchanga niliuchanganya kwa kukisia: nyeupe nyingi, njano kidogo, tone la nyeusi. Babuji hakusema kama ndiyo rangi yake, nami niliona haya kumuuliza. Kama mmoja wenu atafika Kashi, au ana jirani aliyefika, asimame kwenye ngazi asubuhi atazame ng'ambo, kisha aniandikie ni rangi gani hasa. Na ninyi ambao hamtafika, niandikieni kazi mliyopewa ya kitu ambacho hamjawahi kukiona, na mlifanyaje. Mpeni mwalimu wenu barua. Ananikuta sokoni kila Jumamosi, upande wa nyanya.